Gari Lililokuwa Likimzimikia Afande

Kazi yangu ni kukaa kiti cha kushoto na kuogopa. Ninafundisha watu kuendesha gari mjini Jinja, na kwa miaka yote hii sijaacha kuogopa, nimejifunza tu kuogopa bila kupiga kelele. Na hata hilo si kweli. Ninapiga kelele. Waulize watu wa Walukuba, ninakokaa na ambako masomo yangu huanzia, watakwambia yule mama wa gari jeupe ana mdomo. Hawatakuwa wamenisingizia.

Gari lenyewe ni kigari cha Kijapani cha gia za mkono, kina herufi L nyekundu mbele na nyuma. Nilikirithi kwa marehemu mume wangu, aliyekuwa dereva wa malori na mtu wa kuongea na injini kuliko alivyoongea na mimi. Ndicho kinachonilisha. Asubuhi mapema huja vijana wa bodaboda wanaotaka kupanda cheo, huja walimu wa shule kabla ya kengele, huja mwenye duka wa Nalufenya kabla hajafungua, na mkulima mmoja wa Budondo ambaye hupita kwangu akishauza ndizi zake. Jua likishakuwa kali, huja wengine. Na mwisho wa wote, jioni, alikuwa anakuja afande.

Afande alikuwa askari wa magereza, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubeba gunia na sauti ya kubembeleza mtoto. Alikuja na magwanda yake moja kwa moja kutoka zamu. Tulizungumza Kiswahili. Mimi ni Mwislamu wa mjini na nimekua nacho, naye alikiokota kambini akakifanya chake. Kwetu huku ukimsemesha mtu Kiswahili sokoni anakudhani askari, anakutazama kwanza mikononi kuona kama umeshika kiboko, lakini sisi wawili kilitufaa sana. Mimi nilimwita afande, yeye aliniita mwalimu, na heshima ikakaa katikati yetu pamoja na gia.

Watoto wake walikuwa Mbale, wakilelewa na mama yake. Yeye alikuwa Jinja, akiwaona likizo kwa likizo, na yule mdogo alikuwa ameanza kujificha nyuma ya gauni la bibi yake kila mama mtu alipofika. Hilo alinisimulia akiwa ameshika usukani na kutazama mbele. Kisha ikatokea nafasi ya udereva kwenye gereza la Mbale. Mkubwa wake alimwambia wazi: lete leseni kabla uhamisho haujafungwa, nafasi ni yako, usipoleta, anapewa mwingine. Basi alikuwa hajifunzi gari kwa ajili ya gari. Alikuwa anajifunza ili arudi kwa watoto wake.

Tatizo ni kwamba gari lilimzimikia.

Lilimzimikia kwenye makutano ya barabara, lilimzimikia mbele ya mkaguzi kwenye mtihani wa kwanza, likamzimikia tena kwenye wa pili, katikati ya kilima, na nyuma yetu lori la miwa likipiga honi mpaka ndege wakahama mti. Kila alipotoa mguu kwenye mafuta na kutuliza gari, injini ilianza kutetemeka, kioo cha pembeni kikacheza, vitu vyangu vya kwenye dashibodi vikasogea mpaka ukingoni, halafu, pu! Kimya. Sikumbuki hata siku moja ya jioni ambapo afande alizima gari mwenyewe kwa ufunguo. Lilikuwa likimtangulia.

Watu hawakosi neno. Vijana wa bodaboda walisema afande ana mguu wa gambuti. Mwenye duka wa Nalufenya alisema gari linamkataa, kuna watu wa namna hiyo, hata ng'ombe huwakataa wakija kukama. Mwanafunzi mmoja mlokole alijitolea kuliombea gari, na mimi Mwislamu nikamwambia aombe tu, lakini asiguse boneti yangu. Wote hawa waliendesha gari lilelile na halikuwazimikia. Basi ushahidi ulikuwa upande wao.

Lililonikasirisha ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuwaamini. Jioni moja, baada ya kuzimikiwa mbele ya kina mama wanaouza samaki, alishusha mikono mapajani.

"Mwalimu," aliniambia, "pengine mimi si mtu ya gari. Pengine niache."

"Uache nini?" nikamfokea. "Afande, mimi nimekaa pembeni ya miguu ya watu mpaka nimezeeka. Kuna miguu ya kukanyaga kunguni na kuna miguu ya kuendesha gari. Wako ni wa gari. Washa!"

Nilisema kweli. Mguu wake ulikuwa mlaini kupita yote niliyowahi kufundisha. Alifanya kila nililomwambia: kwenye makutano toa mafuta, kanyaga klachi, ngoja, sikiliza. Wale vijana hawakungoja kitu. Walisimama huku wanakanyaga mafuta, vuu, vuu, kama wako kwenye mashindano, na mimi nilikuwa nimechoka kuwagombeza. Yeye aliyenitii ndiye aliyeaibika. Hilo liliniuma, tena sana.

Sikukaa tu. Nilimpelekea fundi wangu gari. Ni fundi mzuri na mtu wa haki, ila ana utaratibu wake: gari unaliacha jioni, yeye analifungua asubuhi akishakunywa chai. Asubuhi akanipigia simu nije nisikilize. Nikasikiliza. Injini ilikuwa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

"Madamu, gari hii haina shida," alisema. "Sikia mwenyewe. Iko fiti."

Hata hivyo alibadilisha plagi kwa ajili ya moyo wangu. Safari ya pili akasafisha njia ya petroli na kuangalia nyaya. Safari ya tatu aliniuliza, kwa upole, ni nani hasa anayeliendesha likizima. Nilipomwambia, akatingisha kichwa, akasema, "Aaa. Afande," kana kwamba nimemtajia ugonjwa. Nikachukua ufunguo wangu nikaondoka bila kuaga.

Ufumbuzi ulianza na zamu ya usiku. Wiki ya mtihani wa tatu, ambao ulipangwa kufanyika hukohuko Mbale, afande alibadilishiwa zamu, akaniomba aje asubuhi. Mwenye duka wa Nalufenya akakubali kuchukua jioni yake. Asubuhi hiyo afande aliendesha kutoka Walukuba mpaka darajani na kurudi, akasimama kila nilipomwambia, akapanda kilima, akateremka, na gari halikuzima hata mara moja. Alikuwa anacheka peke yake. Mimi nilikuwa namtazama kwa wasiwasi, maana sikuelewa.

Jioni akaja mwenye duka, akanukia sabuni na biskuti. Tulipofika kwenye makutano, nikamwambia kwa mara ya kwanza, kwa ukali wa kweli: ondoa mguu kwenye mafuta, uuondoe kabisa. Akaondoa. Kioo kikaanza kucheza. Dashibodi ikatetemeka. Pu!

"Eee! Na mimi?" alisema mwenye duka, akaangalia miguu yake.

Nilipiga kofi dashibodi mpaka kiganja kikawasha. Si mtu! Si mguu, si mkosi, si ng'ombe wa kukama! Gari lilikuwa linazima likishapata moto. Asubuhi ni baridi, linatulia. Jioni limeshinda barabarani, injini imeiva, linatetemeka. Fundi hulifungua asubuhi, halina shida. Afande huja jioni, lina shida. Wale wa mchana hawakulijua kwa sababu miguu yao haikutoka kwenye mafuta. Nilimwacha mwenye duka ashangae, nikacheka mpaka machozi yakatoka.

Sasa muda ulikuwa umekwisha, mtihani ulikuwa kesho yake. Ningeweza kumpelekea fundi, naye angelilaza na kulifungua likiwa limepoa, tungerudi palepale. Dawa ya moto ni moto. Niliamua twende nalo Mbale hivyohivyo linavyotetemeka, safari ndefu iliivishe injini, kisha nilifungue mwenyewe njiani likiwa limewaka. Marehemu alikuwa akiniambia kwamba injini ni kama mtu, inakula, inapumua, inawaka, na ikiumwa anza kuuliza ni kipi kati ya hivyo. Nilikuwa nikimsikiliza nusunusu huku nakuna nazi. Sasa nilijaribu kukumbuka kila neno.

Asubuhi yake afande aliendesha. Tulipita Iganga, tukapinda kuelekea Tirinyi, na kwa mwendo gari lilikuwa zuri. Tulipofika kwenye mabonde ya mpunga, jua lilikuwa limesimama utosini. Nikamwambia aegeshe mbele ya vibanda vya wauza matikiti, asizime, atoe mguu.

Mtetemeko ukaja kama mgeni aliyeahidi.

"Kama inataka kuzima, gusa mafuta kidogo tu," nilimwambia. "Halafu mguu wako uniambie kila kitu unachosikia. Mimi nakwenda mbele."

"Mguu iseme?"

"Ndiyo, afande. Leo mguu ndio fundi."

Nikafungua boneti. Joto likanipiga usoni. Kula kulikuwa sawa, njia ya petroli ilishasafishwa. Kuwaka kulikuwa sawa, plagi zilikuwa mpya. Kulibaki kupumua. Injini iliyotulia huvuta hewa kidogo kidogo kupitia mlango wake mmoja. Kama kuna tundu pembeni inavuta hewa ya wizi, inachanganyikiwa. Ukikanyaga mafuta mlango unafunguka wazi, hewa inakuwa nyingi, na ile ya wizi haijulikani tena. Ndiyo maana vijana wa vuu vuu hawakuiona. Basi nilitafuta mwizi.

Nilitafuta kwa maji. Nilichukua chupa ya maji ya kunywa ya afande, nikatoboa kizibo kwa pini ya mtandio wangu, nikaanza kumwagia tone tone kwenye mipira ya hewa, mmoja baada ya mwingine, huku nikikwepa bomba la moshi na nyaya. Kama maji yakiziba tundu, injini itabadilika sauti. Muuza matikiti alikuja kusimama karibu, akaniuliza kama ninaliogesha. Nikamwambia ndiyo, limeota joto.

Mpira wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Nilifika nyuma kabisa, karibu na ukuta wa injini, ambako kulikuwa na kipande cha mpira kifupi, kinene kama kidole gumba. Katikati kilikuwa kimezungushiwa utepe wa tyubu ya baiskeli, mweusi, umekazwa vizuri kwa fundo. Nilikuwa nimekiona mara mia na fundi wangu alikiona mara mia. Wala hatukukiona. Kwetu huku kila kitu hufungwa kwa tyubu ya baiskeli: mzigo wa kuni, mpini wa jembe, mguu wa kiti, mlango wa choo. Ukiona mahali pamefungwa tyubu, moyo wako unatulia, unajua pameshatengenezwa, jicho linapita. Nani aliyekifunga, mimi sijui mpaka leo. Huenda ni marehemu mwenyewe, Mungu amrehemu.

Nikamwagia maji juu ya fundo.

Injini ikakohoa. Kisha ikatulia. Ilitulia kabisa, nikasikia mpaka kuku wa watu wakiparura nyuma ya vibanda.

"Mwalimu!" afande alipaza sauti kutoka ndani. "Imetulia! Umefanya nini? Imetulia kwa mguu!"

Maji yakakauka juu ya moto. "Inarudi," alisema. "Inatetemeka tena." Nikamwagia. "Imetulia." Ikakauka. "Imerudi." Tulifanya hivyo mpaka muuza matikiti naye akaanza kushangilia kila ikitulia. Nikamwambia afande azime, tukangoja kidogo, nikashika utepe ule kwa kitambaa. Ulikuwa umelainika kwa joto, unaweza kuusukuma kwa kidole. Chini yake mpira ulikuwa umepasuka, mpasuko mrefu unaotosha kupitisha ukucha. Asubuhi, vyote vikiwa vimekakamaa kwa baridi, mpasuko ulifumba. Vikipata moto, ulifumbuka na kunyonya hewa. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimefungwa kwa fundo zuri.

Afande alikuja akainama karibu yangu. Alikitazama kile kipande muda mrefu.

"Hii?" alisema. "Hii kitu kidogo ndiyo ilikuwa inanikataa?"

"Ndiyo hii."

"Si mimi."

"Si wewe, afande. Hujawahi kuwa wewe."

Akanishika bega, akalibana mpaka nikaumia. Nikamwacha abane.

Kwenye kituo kidogo cha mbele kulikuwa na duka la vipuri. Muuzaji alikuwa na mpira mpya wa ukubwa uleule na vibano viwili vya chuma. Lakini kwanza alikigeuzageuza kile kilichopasuka, akatabasamu kwa wema.

"Nnyabo, mama, hii bado nzuri. Si nikufungie tyubu tu?"

Niliyomwambia siyaandiki hapa. Afande alilazimika kutoka nje ya duka ili acheke vizuri.

Tulifika Mbale mtihani umeshaanza. Wanafunzi walikuwa wamepanga magari uwanjani, wamezima injini, wamejificha kivulini. Mimi nilikataa kuzima. Nilikuwa na mpira mpya, lakini pia nilikuwa na moyo ulioumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikaliacha gari lingurume juani, boneti imefungwa, lipate moto wote linaoutaka. Kama litazima, lizime mbele yangu. Mwalimu wa shule nyingine akanionya kwamba ninachoma petroli bure. Nikamwambia hii ni petroli yangu na ninaichoma kwa furaha. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa inachoma, na chini yake hakuna kilichotetemeka.

Jina lake lilipoitwa, afande alivuta shati la magwanda, akakaa nyuma ya usukani. Mkaguzi akakaa kiti changu, mimi nikakaa nyuma, mahali nisipopapenda hata kidogo kwa sababu hakuna breki ya kukanyaga. Mkaguzi alikuwa mtu wa maneno machache. Akampeleka mjini, akampitisha kati ya bodaboda za kwenye mzunguko wenye mnara wa saa, kisha akamwelekeza kwenye barabara inayopanda kando ya mlima Wanale. Katikati ya kilima akasema, "Simama hapa."

Afande akasimama. Akatoa mguu kwenye mafuta. Akavuta breki ya mkono, akangoja, kama nilivyomfundisha.

Simu ya mkaguzi ikalia, naye akaipokea! Akaanza kuulizia habari za mtu aliyelazwa, kama ameamka, kama amekunywa uji. Nyuma yetu gari likasimama, kisha jingine. Mimi nilishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, nikawa ninasoma kila sura niliyoifahamu. Niliangalia kioo cha pembeni. Hakikucheza. Ndani yake mlima ulikuwa umetulia, na maporomoko yake meupe, na nguo za mtu kwenye kamba. Injini ilikuwa inanguruma chini kwa chini kama mtu anayejiimbia jikoni.

Mkaguzi akamaliza uji wa watu. "Twende," alisema.

Gari likaondoka bila kurudi nyuma hata upana wa kidole. Mimi nikasema "Alhamdulillah!" kwa sauti kubwa kabisa, na mkaguzi akageuka kunitazama, nikajifanya ninakohoa.

Alipotia saini karatasi, alimuuliza afande amejifunza kwa nani. "Kwa huyu anayekohoa," afande akajibu.

Kwa mama yake hakukuwa mbali, nje kidogo ya mji, kupitia njia ya udongo mwekundu kati ya migomba na mibuni. Mimi nilikaa kushoto, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikuogopa. Aliingia uani taratibu, kuku wakatawanyika, akasimama mbele ya mlango. Bibi mmoja akatoka akifuta mikono, akatuamkia "Mulembe," kisha akatambua ni nani aliyeshika usukani, akaweka mikono yote kichwani. Watoto wakatoka nyuma yake. Yule mdogo alishika gauni la bibi, akachungulia.

Nilidhani afande atashuka mbio. Hakushuka. Alikaa palepale, mikono kwenye usukani, akalisikiliza gari likinguruma.

"Kukhu," yule mdogo alimuuliza bibi yake, "mbona hazimi?"

"Zima basi, mwanangu, uingie ndani," bibi aliita. "Chai iko tayari."

Afande akanigeukia. Uso wake ulikuwa umelowa na meno yote yako nje.

"Mwalimu," alisema, "naomba nizime mimi."

"Zima, afande," nikamwambia. "Ni wewe wa kuzima."

Akashika ufunguo, akaungoja kidogo, akauzungusha. Injini ikanyamaza kwa sababu yeye ndiye aliyeiambia. Akauchomoa ufunguo, akafungua mlango, akachuchumaa hapo uani na kuunyoosha ule ufunguo kwenye kiganja, na yule mdogo akaliacha gauni la bibi yake akaja kuuchukua.